Pangaboi la Katikati

Sekela mwanangu,

Umelala, na begi umelisimamisha mlangoni kana kwamba litaondoka kabla yako. Basi la Mbeya ni alfajiri, na alfajiri mimi huwa sina maneno, nina hasira tu, unanijua. Ndiyo maana nimeona niandike sasa, nikutilie hii kwenye mfuko wa pembeni, uisome ukishaipita Tukuyu, wakati huwezi tena kubishana na mimi.

Sitakuandikia habari ya neti wala ya kuchemsha maji ya kunywa. Shangazi zako wa Talatala walikushika mchana kutwa kwa hayo, ukarudi umechoka masikio. Nataka kujibu swali lako la juzi, ambalo nililijibu vibaya.

Tulikuwa tunaosha spana kwa mafuta ya taa. Ukasema, "Mama, nikienda Newala, nani atakaa katikati yenu, wewe na babu?" Nikakwambia osha spana. Ukaniambia labda uombe wakusogezee siku ya kuripoti shuleni, uanze kufundisha mwakani. Hapo nikakufokea kwamba watu wanalilia ajira ya ualimu, wewe unataka kuichezea kwa ajili ya wazee wawili wasiosalimiana. Ukaosha ile spana mpaka ikang'aa kama kijiko cha wageni. Nilifoka kwa sababu sehemu fulani ya moyo wangu ilisema, ndiyo, omba, baki.

Nianze mbali kidogo. Mengine unayajua, lakini hujayasikia kutoka upande wangu.

Mimi ni mtoto wa mfinyanzi wa Ikombe, kule milima inakoingia ziwani. Nilipoletwa hapa Mbugani kama bibi harusi nilikuwa najua udongo na samaki wa usipa, basi. Siku ya kwanza bibi yako, Mungu amrehemu, alinionyesha mipaka. Babu yako akipita njia hii, mimi nishike ile. Nisimtazame usoni, nisile mbele yake, nisilitaje jina lake. Akiwa na neno kwangu atampa mtu, na mtu ataniletea. Kwetu mke wa mtoto na baba mkwe wake huheshimiana kwa kuepukana. Wenzangu wengi wa mjini wameshaacha. Mama Zuhura wa duka la spea, ambaye wazee wake walitoka pwani, hajaacha kunicheka hadi leo: "Shoga, mkwe wako hana pembe, msalimie tu!" Namwambia wewe uza bolti zako. Babu yako alilelewa hivyo, na mimi nililelewa hivyo, na kadiri miaka ilivyokwenda haikuwa sheria tena, ikawa ndivyo tulivyo.

Sasa fikiria kuepukana na mtu ambaye gereji yake iko uani kwako. Kati ya jiko langu na gereji kulikuwa na mabati tu. Nilikuwa napepeta mchele huku nasikia babu yako akimfundisha baba yako kazi, na masikio yangu hayakuwa na adabu kama macho yangu. Nilisikia gia boksi, nikasikia konveta. Siku moja nikamuuliza baba yako usiku, hiyo konveta ni kitu gani? Alinieleza vibaya, hakuwa na subira ya kueleza, lakini kesho yake nadhani alimwambia mzee.

Kwa maana nilikuta konveta mbovu imekatwa katikati kwa msumeno, vipande vimewekwa juu ya jiwe langu la kuoshea vyombo. Nyuma ya mabati nikamsikia babu yako anaongea. Alikuwa anaongea na kuku.

"Wewe kuku, unaliona hilo bakuli? Ndani lina mapanga, kama pangaboi. Hilo limefungwa kwenye injini. Injini ikizunguka, nalo linazunguka, linairusha oili. Sasa tazama bakuli la pili, linaloangaliana nalo. Nalo lina mapanga yake, na limeshika mti wa chuma unaoingia kwenye gia boksi. Hayo mawili hayagusani hata kidogo, kuku. Katikati ni oili tu. La kwanza linarusha, la pili linapigwa na oili mpaka linaanza kugeuka, gari linaondoka."

Nikavishika vile vipande. Mtoto wa mfinyanzi akipewa bakuli anajua la kufanya nalo, nikapitisha kidole ndani, nikaona kweli mapanga yamepinda yote upande mmoja. Nikachukua ndoo ya maji, nikaelesha kata juu yake, nikatia mkono chini nikakoroga. Ile kata ikaanza kuzunguka, sikuigusa. Nilikoroga tena na tena kama mtoto.

Ndiyo maana, akaendelea kumwambia kuku, gari la oto, lisilo na klachi, ukikanyaga breki injini haizimi. Bakuli moja linazunguka, jingine limesimama, oili inateleza kati yao, hakuna ugomvi. Halafu akafika kwenye lile jambo ambalo sijalisahau. Alisema oili ikishapiga bakuli la pili inarudi, na inarudi imegeuka, inakuja kwa ubishi, inampinga yule aliyeituma. Ikiachwa hivyo itamkaba. Kwa hiyo wameweka pangaboi dogo katikati. Kazi yake ni kuipokea oili inayorudi na ubishi, kuigeuza, imfikie wa kwanza ikiwa inamsukuma. Gari linapoondoka au kupanda mlima, hilo la katikati linakaa imara, halizunguki, nguvu inaongezeka. Likishapata mwendo kwenye tambarare, linaachia, linazunguka pamoja na wenzake kama limepumzika.

Kuku hakujibu. Mimi nilicheka nyuma ya mabati, na nadhani alinisikia, kwa sababu alikohoa. Ndivyo nilivyoanza kazi ya gereji.

Mwanzoni wa katikati alikuwa bibi yako, naye alikuwa anapunguza maneno mpaka yanafika yamekonda. Alipoondoka akawa baba yako. Alipoondoka baba yako, ukawa wewe, na ulikuwa darasa la pili.

Hapa nisimame kidogo kwa baba yako. Unalikumbuka lile gari la harusi la jirani, Noah, waliyoisukuma kutoka hapa mpaka karibu na stendi? Maharusi ndani, wasimamizi nyuma na suti zao, jasho, vumbi, na betri imekufa. Babu yako akawa anapiga kelele kutoka barazani kwamba gari la oto haliwaki kwa kusukumwa. Ilivyo, injini ikiwa imelala, pampu ya oili nayo imelala, hakuna kinachorushwa kati ya yale mabakuli mawili, unaweza kusukuma mpaka Malawi. Watu walicheka sana siku ile. Mimi nililia, ukaniuliza kwa nini, nikakwambia vumbi.

Baba yako alipofariki watu walinisukuma hivyo hivyo. Shangazi walisema amka, mama yangu alisema rudi Ikombe, mchungaji alisema jikaze. Walisukuma kwa upendo, sina neno nao. Ila ndani hapakuwa na kitu kinachozunguka. Nilikuwa naamka, napika, nalala, na jioni nakaa kwenye kile kiti cha kamba nikitazama upande wa gereji ambako sauti ilikuwa imebaki moja. Upweke ule sikuwa na wa kumwambia. Mtu pekee aliyekuwa na upweke wa kufanana na wangu alikuwa mzee wa upande wa pili wa mabati, mwenye mwana aliyezikwa, na yeye sikuruhusiwa hata kumpa pole. Nilimsikia akilia, Sekela. Yeye pia alinisikia.

Halafu siku moja ulikuja umebeba spana kubwa kuliko mkono wako, ukasema, "Babu anasema, kama mama ana nafasi, kuna gia boksi." Nikanyanyuka. Sijui hata leo kama kweli alisema "kama ana nafasi". Babu yako hasemagi hivyo.

Nilikuja kukugundua baadaye. Ulikuwa darasa la nne nadhani. Alikuwa amekutuma mara nyingi siku hiyo, nikachoka, nikakwambia kwa ukali, "Mwambie babu yako mimi si punda wake." Ukaenda. Nikasogea kwenye mabati nisikie utakavyotukanwa. Nikasikia kisauti chako, "Babu, mama anasema amechoka kidogo, anaomba apumzike ndipo aje." Na yeye akasema, "Mwambie mama yako silensa ameifunga hovyo kama mtu aliyefunga mzigo wa kuni." Ukarudi kwangu na uso mkavu kabisa: "Babu anasema silensa uikaze kidogo tu." Mwe! Nilikaa chini nikacheka mpaka nikashika mbavu.

Ila usiku sikucheka. Nilijiuliza yale makali mengine yaliyobaki kwako ulikuwa unayaweka wapi. Sisi wawili tulikuwa tunarusha, na wewe ulikuwa umekaa imara katikati, unapokea, unageuza, miaka yote hiyo. Hatukukuuliza kama unachoka. Hilo linaniuma kuliko mengine yote, na sitaki kulipamba.

Umewahi kuona gari ambalo pangaboi la katikati limeharibika. Lile la mwuza mchele aliyekuwa anatoka Matema kila wiki. Kwenye tambarare ya mpunga lilikuwa linakwenda vizuri tu, mwenyewe anajisifu. Akianza kupanda kuelekea Tukuyu, injini inanguruma, gari linatambaa, bodaboda zinampita zikimpigia honi. Alibadilisha plagi, akabadilisha chujio, akamlaumu aliyemuuzia mafuta. Babu yako alipanda mara moja tu, akasema la katikati limekufa. Swali lako la juzi lilinikumbusha gari lile. Niliona mimi na babu yako baada ya kesho, kwenye tambarare tunajitahidi, tukifika mlimani tunatambaa.

Kuna kosa moja sijakusimulia sawasawa. Ulikuwa shule ya bweni. Kulikuwa na gari la mfanyabiashara wa Karonga, mtu mpole, anasubiri avuke mpaka. Nilikuwa narudisha konveta kwenye gia boksi. Unajua inavyoingia: unaizungusha huku unaikandamiza, inashuka kwa hatua, inagonga ko, halafu ko, halafu ko ya mwisho inaposhika pampu. Ile yangu iligonga mara mbili, ikatulia. Nikaizungusha tena, kimya. Gari lenyewe lilikuwa la aina nisiyoizoea, nikajiambia labda hili ni la kugonga mara mbili.

Babu yako alikuwa hapo hapo, amekaa kwenye gogo lake, mgongo ameugeuzia kwangu, redio inaongea. Angejibu kabla sijamaliza kuuliza. Lakini wewe hukuwepo, na hapakuwa na mtu wa kumtuma. Ningeweza kumwita Mama Zuhura kutoka dukani. Ningeweza kuongea na kuku, kama yeye alivyofanya! Sikufanya. Nilisimama pale na konveta mkononi, nikajisifu moyoni kwamba namheshimu mkwe wangu, halafu nikapandisha gia boksi, nikaivuta kwa bolti mpaka ikakaa. Ilipasuka kwa sauti ndogo tu, kama mtu aliyevunja mfupa wa kuku. Pampu ilikuwa imegawanyika.

Redio ikazimwa. Babu yako akauliza hewani, "Kwani gari hili halina mdomo?" Hakusema zaidi. Yule mtu wa Karonga alilala kwa watu mpaka pampu ilipopatikana Mbeya, na kila asubuhi alinisalimia kwa upole, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kutukanwa.

Nimelifikiria sana hilo. Heshima haikunikataza kuuliza. Heshima ya kweli ingetafuta njia, hata ya kuku. Mimi niliogopa kuonekana sijui, nikajificha ndani ya desturi kama mtu anayejificha msalani kazi ikiwa nyingi. Huko uendako utakutana na desturi za watu wengine, na utakuwa mgeni, na wageni hujificha. Basi ukijiona umekaa kimya, jiulize tu ni kwa ajili ya nani.

Sasa nikueleze ya leo, uliyoyakosa.

Wewe ulikuwa Talatala kwa shangazi zako. Babu yako mwenyewe ndiye aliyekukodia bodaboda asubuhi, nilimsikia akimsihi yule kijana asikimbie. Kwa hiyo alijua vizuri kabisa kwamba hupo. Jioni alikuwa na ile gia boksi ya Probox, ameisimamisha wima juu ya tairi, anataka kurudisha konveta. Unajua mikono yake siku hizi. Konveta ikiwa na oili ndani ni nzito kama debe la mchele. Ukiwepo, mimi nashika chini, yeye anazungusha na kusikiliza, na wewe unasimama kati yetu na kupeleka maneno.

Mimi nilikuwa jikoni, nimejifanya nachambua mboga. Nilimsikia akiinyanyua, akaishusha. Akainyanyua tena, akahema, akaishusha. Nilishika sufuria kwa mikono miwili nisiinuke. Nikawaza, hivi ndivyo itakavyokuwa. Yeye kule atashindwa, mimi huku nitasikia, na giza litaingia. Nilikuonea wivu, mwanangu, kwamba wewe unaondoka na sisi tunabaki kusikilizana.

Ndipo akasema kwa sauti, wazi kabisa, "Gwe Sekela! Mwambie mama yako aje ashike chini."

Nikadhani uzee umemwingia. Nikatoka mpaka kwenye kona ya mabati, nikaangalia ua mzima. Palikuwa na kuku na ile Probox na yeye mwenyewe, mgongo ameugeuzia upande wangu, amesimama bila kutikisika. Akasubiri. Halafu akarudia, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto neno jipya.

"Sekela. Mwambie mama yako."

Nikajifunika khanga kichwani, nikaenda upande wa pili wa gia boksi, nikainama, nikashika chini. Nikasema, "Sekela, mwambie babu nimeshika."

"Sekela, mwambie asiinue upande, ainue sawa."

"Sekela, mwambie hivi ni sawa."

Akaanza kuzungusha. Ikagonga ko. Akazungusha tena, ikagonga. Konveta ikawa inacheza kati yetu, na ile ya tatu ikakataa. Nikasema, "Sekela, muulize babu, hii ni ya mbili au ya tatu?" Mara ya kwanza maishani mwangu nimeuliza. Akajibu, "Mwambie ya tatu ipo, tusichoke." Tukazungusha. Ikagonga.

Hatukuangaliana. Nilimwona mikono tu, vidole vyeusi kwa oili, vimelala juu ya chuma kama vimesinzia. Akasema, "Sekela, mwambie mama yako, ndaga." Neno hilo la shukrani hajawahi kunitumia kupitia kwako hata siku moja, kama hukulificha. Nikarudi jikoni, nikabandika mboga, zikaungua.

Kwa hiyo jibu la swali lako ndilo hilo. Ni wewe utakayekaa katikati yetu, ila si lazima uwepo. Hutabeba kitu tena, hutageuza ukali wa mtu yeyote. Hilo la katikati likishamaliza mlima linaachiwa lizunguke. Nenda kafundishe watoto wa watu. Simu ya babu mpigie babu, na yangu nipigie mimi, na tukikupa ujumbe wa kupelekeana ukatae, hata tukilia.

Nitakuwa mpweke, sitakudanganya. Kitanda chako sitakigusa kwa muda. Chai nitapika ya watu watatu mpaka mkono ujifunze. Na jioni utaitwa hapa uani kwa sauti kubwa, mara nyingi, na wazee wawili waliopeana mgongo, na Mama Zuhura atasema tumerukwa na akili.

Wanasema mtu akipaliwa, mahali fulani anatajwa. Basi ukipaliwa na chai huko Newala, usishtuke, wala usikimbilie basi la kurudi. Ni sisi tu, tunafunga gia boksi.

Mama